Jenoa ya Ami Harub

Ami yangu Harub alikuwa mtu wa hadithi moja. Watu wengine wakizeeka huzidi hadithi. Yeye alizeeka na ile ile, na ukimkatiza alirudi mwanzo, kwa hivyo nyumbani tulijifunza kunyamaza mpaka amalize. Ujanani alikuwa mtia mafuta kwenye mitambo ya meli, na siku moja meli yake ikatia nanga Jenoa, mji wa Wataliani uliojengwa ubavuni mwa milima. Huko aliona magari yanayopanda mlima kwa kamba. Yako mawili, yamefungwa ncha mbili za kamba moja, na kamba yenyewe imepitishwa kwenye roda kubwa, gurudumu la kamba, kileleni. Hili likishuka linalivuta lile, lile likishuka linalivuta hili, na katikati ya njia yanapishana. Watu wa kawaida, na vikapu vyao vya mboga, wanaingia, wanakaa, wanafika majumbani mwao huko juu bila kutoka jasho. Ami alipanda na kushuka kutwa nzima, nusura meli imwache.

"Hapana farasi, hapana moto," alikuwa akisema, kidole kimesimama. "Mtu anamvuta mtu. Basi!"

Unguja hadithi hiyo haikuwa na kazi. Mjini kwetu mlima mrefu ulikuwa ngazi za nyumba. Tuliisikiliza kwa adabu, tukaendelea kuchambua mchele.

Kisha mwaka wa sitini na nne ukatutoa Unguja, na namna ulivyotutoa si kazi yangu kuieleza hapa, anayejua anajua. Tulifika Oman sisi watatu: Ami Harub, mkewe Bi Masouda, na mimi Rahila, mtoto wa ndugu yake, niliyelelewa nao tangu udogo. Nyumba tuliyoipata ilikuwa Matrah, juu ya jabali nyuma ya soko. Nasema juu ya jabali na nataka nieleweke. Ngazi zilichongwa mwambani, nyembamba, zinapinda hovyo, na punda wa mtaani wakifika chini yake waligeuza vichwa na kutazama upande mwingine.

Bi Masouda alikuwa mwanamke mkubwa. Simwiti mnene, kwa sababu amenilea. Siku ile ya kwanza alipanda akipumzika kila penye kivuli, na pasipo kivuli akipumzika pia, huku akimwuliza Ami kama hii ndiyo nchi ya mababu aliyokuwa akimsifia miaka yote. Alipofika juu alikaa kitako kizingitini akasema, "Harub, mie nimeshapanda. Sishuki tena ila kwa jeneza." Tulicheka. Baadaye magoti yakamvimba, yakakataa dawa, na maneno yale hayakuchekesha tena.

Aliyemwokoa asife kwa ukiwa alikuwa Bi Sayyida. Yeye na Bi Masouda walisoma chuo kimoja cha Kurani utotoni Unguja, wakaolewa mwaka mmoja, na tangu hapo hapakupita siku hawajanywa kahawa pamoja. Bi Sayyida na mumewe Thabit nao walikuja Oman, wakapata nyumba chini kabisa, pale ngazi zinapoanzia. Bi Sayyida naye alikuwa mkubwa wa mwili, wakivaa mabuibui huwezi kuwatofautisha, lakini miguu yake ilikuwa ya mbuzi. Kila alasiri alipanda jabali lile akiimba, anakaa na Bi Masouda juu ya dari, lile paa letu bapa, wanasengenya watu wa Unguja waliokufa zamani, kisha anashuka.

Halafu Thabit akafariki, ghafla, sokoni, kanzu yake nyeupe mwilini. Bi Sayyida akaingia eda. Mjane aliye edani hatoki, anakaa ndani, na watu ndio wanaomfuata kumhani, kumpa pole ya msiba. Mtaa mzima ulikwenda. Wanawake walikuja kwa miguu hata kutoka Hamriya, mtaa wa mbali. Bi Masouda hakwenda. Ami alijaribu kumbeba mgongoni, wakafika kizingitini, na hapo sote tukaona kwamba tutakuwa na misiba miwili. Wanaume wa mtaani walijitolea kumshusha kwa kiti; akasema hashikwi na wanaume wa watu akiwa hai. Akatuma salamu, akatuma maandazi, akatuma wali wa nazi. Sahani zilirudi zimefunikwa vile vile, hata kawa halikufunuliwa.

"Mie nimepanda jabali lile kila siku ya Mungu," Bi Sayyida aliwaambia watu. "Yeye kushuka siku moja, siku ya msiba wangu, hawezi?"

Eda ikaisha. Bi Sayyida hakupanda. Mfiwa hamfuati mtu amhani, na katika hilo alikuwa na haki, ingawa nilikuwa nikimkasirikia. Kisha tukasikia kwamba mwanawe Ishaq, aliyekuwa Kuwait, amemwita akakae kwake, na ruhusa ya kusafiri, ambayo zama zile haikuwa kitu cha kuokota, imepatikana. Watu walipomwuliza kwa nini anakwenda kuanza upya nchi ya tatu, alijibu kwamba mji ambao Masouda hajaja kumhani hauna cha kumweka.

Maneno hayo yalipofika juu, Bi Masouda aliweka kikombe chini. "Harub," akasema, "akiondoka hivi, hatarudi, na mie nitakufa nikiwa mtu ambaye hakumhani Sayyida. Nishushe. Sijui vipi, nishushe."

Ami akamtazama, na mimi nikaona kidole kinaanza kusimama.

Riziki yake Matrah ilikuwa kutengeneza majiko ya stovu na roda za visima. Alikuwa fundi wa namna yake. Kitu alichokitengeneza kilifanya kazi, ila mara nyingi kilifanya kazi nyingine. Kutoka kisima kimoja cha Wadi Kabir kilichokauka alipata roda kubwa ya mti, ile ambayo ng'ombe alikuwa akiivutia ndoo ya ngozi. Akaifunga kileleni kwa minyororo. Akalaza migogo ya mitende njia mbili sambamba toka juu mpaka chini, pembeni ya ngazi. Akatafuta kamba ya meli. Akapata makasha mawili ya mbao yaliyoleta mafriji ya tajiri mmoja wa bandarini, akayakata ubavu, akapigilia kiti ndani ya kila moja. Ili makasha yateleze aliipaka migogo mafuta ya papa, na kuanzia siku hiyo paka wote wa Matrah wakahamia kwetu, wakawa wanalamba njia yetu mchana kutwa kwa bidii ambayo sijaiona kwa binadamu.

Siku ya kujaribu aliweka mbuzi wetu katika kasha la juu, na katika kasha la chini akaweka mawe ya uzito kama wake. Wanaume wachache wakasimama juu kushika kamba. Jambo lilikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Mbuzi alishuka akitazama mandhari, mawe yakapanda, roda ikapiga kelele iliyosikika mpaka bandarini, na Ami akawa analia kwa furaha. Kosa lilikuwa moja. Hakuna aliyemwambia mbuzi angoje. Alipofika chini aliruka akaenda zake, na lile kasha tupu likarudi juu kwa kasi, likampita Ami karibu na sikio, huku mawe yakishuka kwa nguvu zao zote mpaka kwenye baraza ya Sheikh Yaarub, mkubwa wa mtaa wetu, aliyekuwa anakunywa kahawa. Sheikh mwenyewe hakuguswa. Dele la kahawa hatukuliona tena.

Sheikh Yaarub alivaa kilemba chake upya, taratibu, kisha akamwita Ami.

"Harub, nikiliuliza jiwe hili kwa nini limeniangukia, litanijibu nini?"

"Halitajibu, Sheikh."

"Basi kuanzia leo kwenye hiki chako kisipande kitu kisichoweza kujibu."

"Na mbuzi?"

"Na mbuzi."

Ami akaogopa kwamba sheikh atakipiga marufuku chote, maana siku zile kila kitu kipya kilitaka ruhusa kutoka kwa wakubwa, na ruhusa ya kamba kupanda mlima usingejua pa kuiombea. Lakini Sheikh Yaarub alikuwa na magoti pia. Aliitazama ile roda, akaitazama kamba, akasema kwamba haoni kitu kipya hapo. Anaona kisima kilicholazwa. Akaongeza sharti moja: wanaume wapande na wanaume, wanawake na wanawake, kwa sababu makasha yanapishana karibu mno.

Ndivyo tulivyopata gari la mtaa, na watu wakaliita Jenoa. "Umekuja kwa miguu au kwa Jenoa?" Kila anayetaka kushuka ilibidi asubiri mtu wa uzito wake anayetaka kupanda, na ndipo watu wa Matrah walipoanza kujuana kwa namna mpya. Utasikia mtu anapiga kelele toka juu, "Kuna mwembamba hapo?" na chini wembamba wanatazamana. Wanaume waliojiona vijana waligundua kwamba wanalingana na wazee wenye matumbo, wakanuna. Tena kulikuwa na adabu zetu. Makasha yakikutana katikati, hao waliomo hawawezi kupishana kama wanyama. Lazima salamu, hali, habari za nyumbani, habari za huko utokako, habari hakuna ila kheri, kisha mwenzio naye akuulize yote hayo. Huku juu wanaume wameshika kamba, mishipa imewatoka, wanasikia mtu anaulizwa habari za binamu yake aliyeko Sur.

Kila mtu alipanda Jenoa, isipokuwa yule aliyejengewa.

Mtaani hapakuwa na mwanamke wa kulingana na Bi Masouda. Siku ya kumjaribu tuliwatia Bi Muhsina na Nasriya, majirani zetu wa chini, ndani ya kasha moja, wamekaliana. Bi Masouda akaingia la juu, akapiga bismillahi, na kabla hajaimaliza kasha likaanza kukimbia. Wanaume walilikamata, viganja vikachubuka, na akina Bi Muhsina wakabaki wananing'inia wakipiga mayowe na kucheka. Tukamvuta Bi Masouda, akatoka ndani ya kasha bila kumtazama mtu. Akaingia ndani, akalala, akageukia ukutani. Ami alikaa mlangoni kwake mpaka adhana ya magharibi, hana hadithi.

Meli ilikuwa inakuja wiki ile. Ami akaniita. "Rahila, vaa buibui. Tunakwenda kwa Bi Sayyida."

"Kumwomba nini?"

"Unajua."

Nilijua. Nilitamani ardhi inimeze.

Mwanamume haingii kwa mjane, kwa hivyo Ami alisimama nje ya pazia, nami nikakaa ndani na Bi Sayyida. Alikuwa amejifunika buibui lake jeusi toka juu mpaka chini.

"Shemeji," Ami akaanza huko nje, "nna haja na wewe."

"Sema, nakusikia."

"Tunatafuta mtu. Mtu mwenye utulivu."

"Utulivu," akasema Bi Sayyida.

"Mtu akikaa, amekaa. Si hawa akina Muhsina, upepo ukivuma wamekwenda."

Niliuma mtandio wangu.

"Harub, mtaa mzima unajua unatafuta nini. Unatafuta jiwe. Yaarub kakukataza mawe, sasa umenikumbuka mie."

"Hasha, shemeji!"

"Hasha nini! Umekuja mpaka mlangoni kwangu kunipima. Thabit angekuwapo ungethubutu?" Akavuta pumzi. "Mie mfiwa, Harub. Umesikia wapi mfiwa akatiwa kashani, akapandishwa mlima, ili watu waje kumhani?"

Nilikiona kivuli cha Ami kwenye pazia kimeinama, na nikaona haya kwa ajili yake, maana alikuwa mtu mzima na alikuwa amejaribu kila kitu.

Bi Sayyida akanigeukia, akashusha sauti. "Magoti yake yana nini hasa?"

"Anashuka ngazi kwa kukaa, bibi. Juzi alishuka kidogo, asubuhi, sote tumelala. Akakwama hapo, hashuki wala hapandi. Tulimrudisha kwa shuka. Akalia kutwa."

"Kwa maumivu?"

"Kwa sahani zako. Anasema zinarudi zimefunikwa."

"Mie nilidhani kajitukuza," akasema Bi Sayyida. "Nilidhani ananambia, mpanda jabali ni wewe, na leo panda." Kisha akapaza sauti ili asikike nje. "Harub! Kesho alasiri ndiyo meli yangu. Asubuhi nitakuja. Nakwenda mpaka nusu ya njia tu. Nusu ya njia si nyumba ya mtu. Hapo atanihani, kisha mnanirudisha, nikapande meli yangu."

Asubuhi ile hapakuwa na dari Matrah lisilokuwa na wanawake. Wanaume wa kamba waliamrishwa wageuze migongo, wavute bila kutazama, na mimi nikawekwa ukingoni niwe macho yao. Bi Masouda alikuwa amepika tangu alfajiri. Aliingia kashani amevaa vizuri, amebeba mapajani kapu kubwa la msiba: mchele, sukari, kahawa, tende, na sufuria zima la wali lililofungwa kitambaa. Chini Bi Sayyida akaingia lake, akakaa wima, uso mbele.

"Vuta!" nikapiga kelele.

Roda ikalia. Makasha yakaanza kusogea, moja linashuka, moja linapanda, paka wakayapisha. Nilimwona Bi Masouda midomo inamcheza. Alikuwa anakariri maneno ya Kiarabu ya taazia, ya kumhani mfiwa, yale marefu, aliyojifunza usiku kucha asije akayakosea. Wakafika katikati.

"Simamisha!"

Makasha yakasimama ubavu kwa ubavu. Bi Masouda alimtazama mwenzake kwa karibu kwa mara ya kwanza tangu kufa kwa Thabit, na maneno yote marefu yakamtoka kichwani.

"Sayyida," akasema, "umekonda!"

Ilikuwa kweli. Chini ya buibui lile, ambalo sote tulilitazama tukaona mwanamke yule yule, huzuni ilikuwa imemla nusu yake. Hatukujua. Ami hakujua. Kamba ndiyo iliyojua, maana wakati huo huo ikaanza kuteleza mikononi mwa wanaume.

"Inakwenda!" wakapiga kelele, na hawawezi kugeuka.

Kasha la Bi Masouda likaanza kushuka. Bi Sayyida akauona uso wa rafiki yake unaondoka, akarusha mkono nje, akamshika mkono, na Bi Masouda akaudaka kwa yake yote miwili. Makasha yakagongana, yakasimama. Hapakuwa na breki nyingine. Jenoa nzima, kamba, makasha na roda ya Wadi Kabir, ilishikwa na wanawake wawili walioshikana mikono juu ya jabali.

"Adhama Llahu ajraki, Sayyida," akasema Bi Masouda, yaani Mungu aukuze ujira wako. "Nisamehe. Adhama Llahu ajraki."

"Ajrana wa ajraki," Bi Sayyida akajibu, wetu na wako, na hapo akalia. Kwa Thabit watu walisema alilia kwa adabu. Siku hii alilia wazi, kinywa wazi, na mwenzake akalia naye. Kutoka dari moja mwanamke akaanza kusoma Fatiha, dari la pili likapokea, la tatu likapokea, mpaka jabali zima likawa linasoma. Hata wale wanaume walioupa mgongo msiba walikuwa wanasoma, jasho na machozi yanawatiririka, kwa sababu hawana mkono wa kujifuta.

"Rahila!" Ami akaninong'oneza kwa ukali. "Waambie waachiane!"

"Wakiachiana Bi Masouda anakwenda mpaka kwa Sheikh Yaarub!"

"Basi waambie wasiachiane!"

Walibaki hivyo. Walipomaliza kulia walianza kuzungumza, na nina hakika walifika mpaka Unguja na kurudi. Mwishowe Bi Masouda akasema, "Umekula nini miezi yote hii, mtu wangu?" Na kabla hajajibiwa akalichukua lile kapu la msiba mapajani mwake, mchele, sukari, sufuria na yote, akalitia kwenye kasha la Bi Sayyida.

Kamba ikatulia. Nakuapia, ikatulia kabisa, kama mtu aliyepata alichokitaka. Uzito uliotoka huku ulikwenda kule, na makasha yakawa sawa. Ami alisema mpaka anakufa kwamba alikuwa ameshalipigia hesabu kapu lile. Wallahi hakupiga hesabu ya kitu.

"Bi Sayyida!" nikaita. "Nusu ya njia imefika. Tukurudishe?"

Alifuta macho kwa ncha ya buibui. Akalitazama kapu, akatazama juu kwetu. "Mmeshavuta huku," akasema. "Malizeni."

Basi akapanda, na Bi Masouda akashuka. Wakatolewa makashani kwa wakati mmoja, kwa amri yangu, kila mmoja upande wake. Bi Sayyida aliingia nyumbani kwetu, akapanda darini, akakaa pale pale alipokuwa akikaa zamani, na akaniomba kahawa. Bi Masouda naye, aliyekuwa hajakanyaga chini tangu tufike nchi ile, alishikwa mikono na akina Bi Muhsina, akaingizwa nyumbani kwa Bi Sayyida. Kila mmoja akawa mgeni katika nyumba isiyo na mwenyewe.

Mchana ukaenda. Meli ilikuwa imeshatia nanga, na kutoka dari letu iliyaziba maboya yote. Ami akaja kusema kwamba wakati umefika wa kubadilishana. Ili Bi Sayyida ashuke, ilimpasa Bi Masouda arudi kashani. Akashuka ngazi kumwita. Baada ya muda akarudi, anahema.

"Hataki," akasema. "Anasema taazia ya siku ya kwanza haiishi mchana."

Akashuka tena. Akapanda tena. Yule mtu aliyeupumzisha mtaa mzima miguu alizipanda ngazi zile kutwa, kwa sababu hapakuwa na mtu wa uzito wake aliyekuwa na shughuli chini. Safari iliyofuata alikuja na habari nzito zaidi. Bi Masouda amekuta sanduku la safari katikati ya chumba, limefungwa kufuli, limekazwa kamba, na amelikalia. Wapagazi wa mashua wamekuja kulichukua. Wamesimama mlangoni. Hakuna anayethubutu.

Ruhusa ile ikipotea haipatikani tena upesi, na Ishaq angengoja Kuwait bandarini akimtafuta mama yake kati ya abiria. "Bi Sayyida," nikasema, "meli."

"Naiona."

"Hutaiwahi kwa Jenoa. Lakini ngazi zipo, na miguu yako mizima. Ukiondoka sasa hivi..."

"Mwanangu," akasema, "mie hapa mgeni. Mgeni hashuki kwa miguu wakati mwenyeji wake ana gari."

Nikamtazama. Uso wake haukuwa na kitu cha kusoma. Chini mashua za mwisho ziliondoka gatini, watu wakipunga vitambaa. Kisha meli ikapiga honi, ndefu, ikarudi majabalini mara mbili, na ikaanza kugeuka.

Ami akatokea darini kwa mara ya mwisho siku hiyo, kilemba kimemfunguka, ameegemea mlango. "Shemeji," akasema, "nimeshindwa. Nisamehe. Nimemwomba, nimemlilia, nimemkasirikia. Bado kalikalia sanduku lako."

Bi Sayyida hakuondoa macho kwenye meli mpaka ilipojificha nyuma ya mwamba wa mdomo wa bandari.

"Asilikalie kwa nguvu," akasema. "Litavunjika. Ndani hamna kitu."

"Hamna kitu vipi? Limefungwa!"

"Nimelifunga mie, Harub. Kila nikitaka kutia nguo, nilishindwa. Nikalifunga hivyo hivyo."

Ami akakaa chini, palepale alipokuwa, miguu mbele. Alitazama ngazi, akaitazama Jenoa yake, akanitazama mimi kana kwamba nina cha kumsaidia. Kisha akajikongoja kusimama. "Basi ngoja nikamwambie. Maskini, kakaa vile tangu adhuhuri."

"Usimwambie," akasema Bi Sayyida, na akaninyooshea kikombe chake nimtilie nyingine. "Mwache akae. Tangu tuje Matrah, leo ndiyo mara yake ya kwanza kuja kwangu."